Kurekodi muziki wa laivu wenye nguvu bila sauti kupasuka: tupeane uzoefu

MwanaHimbi (Goma)
Jambo kwenu wote. Kila wiki naonyeshwa video za harusi na za kwaya ambazo picha ni safi, lakini besi inakoroma tu na waimbaji hawasikiki. Wanaorekodi laivu Goma, Bukavu, L'shi (Lubumbashi), semeni mnafanyaje. Ya vitabuni muache huko.

Naanza. Mimi ni wa kwaya za kanisani. Kwanza kabisa nazima ule mtindo wa rekoda kujipangia levo (kiwango cha sauti inayoingia) yenyewe. Waimbaji wakinyamaza kwa maombi inapandisha, halafu mpiga ngoma anaingia ghafla na imeshachelewa kushuka. Pili, nawaomba wapige wimbo wao mkali kuliko yote, maana kwenye "moja mbili, moja mbili" kila mtu anapiga kwa adabu. Kilele nakiacha kwenye desibeli -12 za rekoda. Saa ya sifa, watu wakisimama, nguvu inaongezeka na bado kuna nafasi kabla ya sifuri, ambayo ni kikomo cha rekoda. Ukirekodi kwa biti 24 usiogope levo kuonekana ndogo, utaipandisha nyumbani. Kilichokatwa kwenye sifuri, hakuna programu itakayokirudisha vizuri.

FundiKadutu (Bukavu)
Hayo ya -12 ni kweli, lakini hayatoshi. Nililetewa rekodi ya sali (ukumbi) moja, kipimo cha levo hakikupita hata -18 na bado sauti imechanika. Kwa nini? Rekoda ilikuwa imewekwa mbele ya bafle (spika). Mikro zenyewe ndizo zilizoshindwa, kabla geini (ukuzaji wa sauti ndani ya rekoda) haijahusika. Rekoda ndogo kama Zoom H1n mikro zake zinavumilia desibeli 120, na mdomoni mwa bafle kubwa unazipita hizo bila shida. Dawa ni kurudi nyuma. Nje uwanjani, ukitoka mita 2 hadi 4 kutoka kwenye bafle unapunguza desibeli kama 6. Ndani ya ukumbi haipungui kiasi hicho, kuta zinakurudishia.

Ya_Katuba (L'shi)
Sisi huku tuna karindula. Asiyeijua: ni banjo kubwa, tumbo lake pipa la mafuta lililofunikwa ngozi ya mbuzi, nyuzi nne. Ikipigwa karibu unaisikia kifuani. Naiwekea SM57, mikro ya dainamiki, hiyo haishtuki kwa kelele. Kinachopasuka ni pale inapoingia kwenye rekoda, kwa hiyo nabonyeza kile kitufe cha kupunguza desibeli 20. Tena tunapiga uani, upepo unajaza mita kwa ngurumo usiyoisikia kwa sikio. Sponji juu ya mikro, na kichujio cha kukata chini ya hetsi 80.

DJ_Nguba
Mnajisumbua bure. Nunueni rekoda ya biti 32 floti, ile isiyokata sauti kwenye sifuri, geini haina kazi tena. Mada imefungwa.

FundiKadutu
Mdogo wangu, haijafungwa. Hiyo inakuokoa ndani ya rekoda tu. Mikro ikizidiwa, umerekodi mpasuko kwa ufasaha. Na kama bafle ya mwenye sono (vyombo vya sauti) imeshachanika tangu saa nne asubuhi, utafanyaje?

MamaVideo (Goma)
Kuhusu kuchukua sauti kwenye miksa: wengi wanaunganisha waya wa miksa moja kwa moja kwenye tundu la mikro la kamera, halafu wanashangaa. Sauti ya lain, hiyo inayotoka kwenye miksa, ina nguvu mara nyingi kuliko ile ambayo kamera inaingoja. Weka kipunguzaji katikati. Na kwenye sali ndogo, miksa inakupa waimbaji na kinanda tu, ngoma hazimo kwa sababu hazihitaji mikro. Mimi nachukua miksa upande mmoja na mikro ya ukumbini upande mwingine, halafu nazilinganisha. Mikro ikiwa mita 15 kutoka jukwaani inachelewa milisekunde kama 44. Ukiziacha hivyo, unasikia mwangwi.

Mgeni_wa_Kenya (L'shi, si Nairobi)
Na sisi wenye simu tu?

MamaVideo
Tafuta programu inayokuruhusu kushusha levo kwa mkono, nyingine zinakataa. Simama karibu na fundi wa sono, si chini ya bafle. Halafu angalia kidole chako kimeziba wapi.

Ya_Katuba
Na pamba ya masikio jamani. Masaa matatu mbele ya batri (ngoma za bendi) si mchezo.