Naomba ushauri: kansa ya utumbo mpana na ya mfuko wa uzazi ukoo mmoja, tupime jeni watoto wote?

Mpwa_wa_Iringa: Wakuu, heshima kwenu. Baba amefanyiwa upasuaji wa kansa ya utumbo mpana akiwa na miaka 44. Dada yake aliugua ya mfuko wa uzazi akiwa na 48. Watoto tuko watatu, mkubwa ana 23. Tumeshauriwa tupimwe wote jeni kwa mkupuo. Tuanze hivyo?

Hadubini: Hapana mkuu, anzeni na uvimbe wa baba. Kansa hizo mbili ukoo mmoja, zote chini ya miaka 50, lazima ufikirie ugonjwa wa Lynch, yaani hitilafu ya jeni ya kurithi inayoongeza hatari ya kansa hizo. Nyama iliyokatwa ipo patholojia (maabara inayochunguza nyama za mwili) ndani ya bloku ya parafini, yaani kipande cha nta. Namba yake iko kwenye ripoti. Ombeni ipakwe rangi za kuonyesha protini nne zinazorekebisha makosa ya DNA: MLH1, PMS2, MSH2, MSH6. Kila moja hutengenezwa na jeni yenye jina hilo hilo. Zinaishi jozi jozi. MLH1 ikikosekana, PMS2 hutoweka nayo. MSH2 ikikosekana, MSH6 hutoweka nayo. PMS2 au MSH6 ikikosekana peke yake, kwa kawaida hitilafu ni ya jeni yake yenyewe.

Angalieni kitu kimoja: seli za kawaida pembeni ya uvimbe lazima zishike rangi. Zisiposhika, kipimo kimeharibika, na mara nyingi ni kwa sababu nyama ilichelewa kutiwa formalini, dawa ya kuihifadhi isiharibike.

Bi_Nasaba: Naongezea. MLH1 ikikosekana msitangaze urithi bado, uvimbe unaweza kuizima jeni hiyo wenyewe. Pimeni kwenye uvimbe huo BRAF V600E, badiliko la jeni ya BRAF. Ikiwepo, uwezekano wa Lynch unashuka sana. Isipokuwepo, ndipo itolewe damu ya baba. Maabara isome pia vipande vya jeni vilivyofutika, ikiwemo jeni ya EPCAM iliyo jirani na MSH2, maana kusoma herufi za DNA peke yake huviruka.

Hitilafu ikishajulikana, kila mtoto ana uwezekano wa 50% na anapimwa hiyo moja tu. Mkianza na watoto mkaambiwa "hakuna kitu", mtajuaje kama hakurithi au kipimo hakikuiona?

Mpwa_wa_Iringa: Na akikutwa nayo?

Bi_Nasaba: Ikiwa MLH1 au MSH2, kolonoskopi (kamera ya kuangalia ndani ya utumbo mpana) kila mwaka 1 hadi 2 kuanzia miaka 20–25, kwa hiyo mkubwa wenu zamu yake imeshafika. MSH6 na PMS2 zina hatari ndogo zaidi, huanza 30–35. Dawa ya kusafisha tumbo inywewe kwa awamu mbili, nusu jioni, nusu saa chache kabla ya kipimo. Kinyesi kikibaki upande wa kulia kinaficha polipu bapa (vinyama vya utumboni vinavyoweza kugeuka kansa), na Lynch hupenda upande huo.

Aspirini nayo inasaidia: utafiti wa CAPP2 ulitumia 600 mg kwa siku, faida ikaonekana baada ya miaka. Kipimo cha dozi mpange na daktari, hasa mwenye vidonda vya tumbo.

Hadubini: Baba alikutwa na polipu ngapi?

Mpwa_wa_Iringa: Mbili.

Hadubini: Sawa. Zingekuwa mamia, ningewaelekeza kwenye jeni ya APC, ya ugonjwa mwingine wa kurithi wenye polipu nyingi, ambako watoto huanza kuchunguzwa na miaka 10–12. Nendeni na namba ya bloku.