Nimeuziwa laptopu "mpya boksi", kuiwasha inaleta jina la shule ya Ulaya, halafu duka linasema mali ikiuzwa hairudi

Wakuu habari za muda huu, sina salamu ndefu maana nimevurugwa. Naomba yeyote humu anayefanya biashara ya kompyuta Kariakoo anieleze, hivi ni nani aliwadanganya kwamba mkishabandika kile kikaratasi cha "mali ikishauzwa hairudishwi" ukutani basi mmemaliza, hata kama mmemuuzia mtu kopo?

Kisa chenyewe hiki hapa. Mdogo wangu wa kike kaanza mwaka wa kwanza chuo huko Dodoma, anahitaji laptopu ya kawaida tu ya kuandikia asaimenti na kufungulia slaidi. Nikaingia Kariakoo, nikazunguka, nikaangukia duka moja (jina sitaji, mods msije mkanilima ban bure) kijana wa mle mchangamfu balaa, akaleta mashine ndani ya boksi limezungushiwa nailoni, akaichana mbele ya macho yangu, "kaka hii mpya boksi, haijaguswa na mtu, waranti miezi sita". Laki nane na nusu. Nikasema nataka risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, akaanza ngonjera zao zile, oh ukitaka risiti bei inapanda kaka, tukabishana pale hadi ikatoka, na nikamwambia kwenye ile ya mkono aandike modeli, siriali namba na neno MPYA. Akaandika, akagonga mhuri. Hiyo karatasi saivi naitunza kama cheti cha kuzaliwa.

Dukani iliwaka vizuri tu. Imechomekwa kwenye chaja yao, kioo safi, kibodi inabonyezeka, kamera inaonesha. Kila mtu anajua ndo ukaguzi unaofanyika dukani, umesimama, nyuma yako watu wanakusukuma, na mwenye duka anakuangalia kama unamchelewesha.

Kufika nyumbani binti kachomoa chaja ahamie sebuleni, pap, imezima. Haikutoa onyo wala nini. Tukaichaji usiku kucha, asubuhi inasoma asilimia 100, ukichomoa haimalizi hata taarifa ya habari. Na ukisogeza kifuniko kidogo kioo kinachora mistari ya kijani kuanzia kwenye bawaba kwenda juu. Sasa ile kuizima na kuiwasha upya ndo nikaona kituko, kabla Windows haijaja, kwenye kioo cheusi pale chini yanatokea maandishi ya kizungu kwamba mashine hii ni mali ya shule fulani ya huko Ulaya. Mpya boksi! Shule ya watu! Nikaigeuza chini, nikaiangalia na tochi ya simu, kuna alama ya mstatili ya gundi iliyokwanguliwa, pale palikuwa na stika ya namba ya mali, na skrubu mbili vichwa vimeshaliwa na bisibisi.

Kwa wasiojua, kuna kitu kinaitwa ripoti ya betri na hakihitaji fundi. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, inakutengenezea faili ambalo unalifungua kwenye brauza. Ya kwangu uwezo wa betri (umeme inaoweza kubeba) ilipotoka kiwandani umeandikwa 45,030 mWh, uwezo wa sasa ikijaa 16,870 mWh, na idadi ya mizunguko ya chaji, yaani mara ambazo betri imetumika ikaisha na kujazwa tena, 587. Betri mpya inakuwa na mizunguko mia tano na themanini na saba? Imezunguka wapi, ndani ya nailoni?

Nikarudi dukani na vyote, laptopu, boksi, risiti zote mbili, ripoti nimeiprinti. Yule mchangamfu ghafla hanijui. Cha kwanza, "kaka umeme wa kwenu ndo umeua betri". Nikamuonesha mizunguko 587, akasema hiyo programu inadanganya. Nikaiwasha pale mezani jina la shule likatokea, akaangalia pembeni akaita bosi wake. Bosi naye ana mashairi yake. Kwanza, si uliijaribu mwenyewe ukaridhika? Pili, sisi hatutengenezi laptopu, ishu ya waranti wafuate kampuni. Tatu, acha tumpe fundi juu pale aibadilishie betri, au ongeza laki na nusu tukupe nyingine nzuri zaidi. Niongeze hela! Yaani kanipiga halafu ananiuzia dawa ya maumivu. Na mwisho kabisa akanyoosha kidole ukutani kwenye kikaratasi.

Betri yake nimeikataa na fundi wake nimemkataa. Simpi mtu aifungue ile mashine, maana ikishafunguliwa na fundi wao kesho wataniambia mimi ndo nimeichokonoa, na ile hesabu ya mizunguko ikipotea nabaki na maneno matupu.

Sasa tuongee sheria maana hawa jamaa wanaishi kwa sisi kutokujua. Tanzania kuna Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ya zamani sana tumeirithi toka enzi za mkoloni lakini inafanya kazi hadi leo. Ukiuziwa kitu kwa maelezo fulani, kitu lazima kilingane na hayo maelezo. Umesema mpya, umeandika mpya, umegonga mhuri, basi leta mpya. Na ukinunua kwa maelezo kutoka kwa mtu ambaye biashara yake ndo hiyo, lazima kiwe na ubora wa kufaa kuuzwa. Hivyo viwili vimo ndani ya mkataba wa mauzo hata kama hakuna aliyevitamka.

Ile hoja ya "uliijaribu mwenyewe" ndo inawashika wengi kwahiyo isomeni vizuri. Ni kweli sheria inasema mnunuzi akishaikagua mali hawezi kulalamikia kasoro ambazo ukaguzi ule ulitakiwa kuzionesha. Sawa. Kioo kingekuwa kimepasuka nikakiangalia nikalipa, juu yangu. Lakini betri iliyochoka utaionaje wakati mashine imechomekwa kwenye umeme wa dukani? Na ukumbuke huo ni upande wa ubora tu, suala la kuuziwa kisicholingana na maelezo linabaki palepale, hata ungeikagua na darubini.

Hiyo ya "wafuate kampuni" nayo ni danadana. Hela nilimpa nani? Risiti ya EFD ina jina la nani? Mkataba wangu ni na duka. Waranti ya mtengenezaji ni nyongeza juu ya haki yangu kwa muuzaji, na kwa mashine iliyotolewa kwenye shule ya watu nina wasiwasi hata hiyo waranti ilishakufa zamani.

Halafu kuna Sheria ya Ushindani, namba 8 ya mwaka 2003, ndiyo iliyoanzisha FCC, Tume ya Ushindani. Wengi tunaisikia FCC kwenye ishu za bidhaa feki tukadhani kazi yao ni kuchoma moto makontena tu, hapana, sheria hiyo ina sehemu nzima ya kukataza kupotosha na kudanganya mlaji, na kumwambia mtu kitu ni kipya wakati kimetumika ni uongo wa wazi kabisa. Kumdanganya kuhusu haki zake nako hakujasalimika, kwahiyo hicho kikaratasi cha ukutani ndo kwanza kinaongeza kosa, maana kinamfanya mtu aliyeuziwa mbovu aondoke akiamini hana pa kwenda.

Kitu kimoja niwaambie mlio kwenye hali kama yangu, msikae nayo. Ukiendelea kuitumia kimyakimya muda mrefu unahesabika umeikubali. Mwambie muuzaji mapema na kwa maandishi kwamba umeikataa, hata WhatsApp, na uache kuitumia. Mimi nimemtumia bosi meseji nikimtajia kasoro zote na picha, kaiona, tiki za bluu hizo hapo, majibu hakuna.

Polisi nilipita pia kwasababu kwangu mimi huu ni utapeli, nikaambiwa hayo ni madai, nenda mahakamani. Mahakama ya Mwanzo inapokea madai yanayotokana na mikataba kama haya na nitaenda ikibidi, ila inauma ukiangalia majirani. Kenya haki za mlaji ziko kwenye Katiba ibara ya 46, na wana Mahakama ya Madai Madogo, kesi isiyozidi milioni moja ya kwao inatakiwa iishe ndani ya siku 60 na unajitetea mwenyewe. Nasikia na huko ucheleweshaji upo, lakini angalau mlango una jina.

Na nisieleweke vibaya, sina ugomvi na used. Nusu ya humu ndani tunaandikia laptopu za EliteBook na ThinkPad zilizotoka maofisini huko nje na zinapiga kazi miaka. Kuna wauzaji pale Kariakoo watakwambia wazi hii ni used, betri imebaki nusu, bei hii hapa, unachukua unaondoka na amani yako. Ile ile mashine kama used isingefika laki nne. Hiyo laki nne na nusu iliyobaki ndo bei ya nailoni, maana mashine ya kukunja boksi na kuzungushia nailoni wanayo humohumo dukani, nimeiona kwa macho yangu nyuma ya kaunta siku niliyorudi.

Kwahiyo msimamo wangu ni hela yangu yote, laki nane na nusu, kwa njia ileile niliyolipia, sitaki betri, sitaki kubadilishiwa, sitaki vocha ya duka. Barua nimeshaandika, nimewapa siku saba, nakala naipeleka FCC pamoja na risiti na ripoti ya betri.

Ninachoomba kwenu, kama kuna mtu amewahi kupeleka lalamiko FCC kwa kitu cha dukani tu, sio kontena, aje aseme walimsikiliza vipi na ilichukua muda gani, na kama walilibana duka kwa simu tu au ilibidi wakae meza moja. Wanasheria mliopo na nyie karibuni, hasa kwenye hiyo ya Mahakama ya Mwanzo, nidai kampuni au mwenye duka kwa jina lake maana leseni ukutani ina jina moja na risiti ina lingine.

Mtakaokuja kuandika "si ungeagiza Dubai" piteni kimya, binti ana mtihani na anaandikia kwenye simu.