Matumbawe yanapauka huku alkali ikipanda: nianze na lipi?

Mfugaji wa Muscat
Ndugu zangu, salamu. Nina tangi la maji ya chumvi la lita 200, lenye umri wa miezi 14. Wiki tatu zilizopita mwani wa kijani ulianza kutanda kwenye kioo, nami nikaongeza maradufu dawa ya kunyonya fosfeti. Tangu hapo tumbawe langu la aina ya montipora, lililokuwa la rangi ya chungwa iliyokolea, limepauka, na jingine, yufilia, iliyokuwa ikichanua minyiri yake kila asubuhi sasa imejikunja. Joto ni nyuzi 25.5, chumvi gramu 35 kwa kila kilo ya maji, naitreti 0, fosfeti 0. Alkali, yaani uwezo wa maji kuhimili asidi, imepanda kutoka digrii 8 hadi 11 ingawa dozi ninayoitia majini kuiongeza ni ileile. Je, niongeze mwanga?

Mzee wa Matangi
Tafadhali usiongeze mwanga, kwani tumbawe lililopauka huungua upesi. Tumbawe linalokua hutumia alkali na kalisi kujenga kiunzi chake. Likiacha kujenga, dozi uliyoizoea hubaki majini na kulimbikizana. Kupanda huko ni dalili tu. Chanzo, kwa maoni yangu, ni njaa: mwani mdogo unaoishi ndani ya nyama ya tumbawe, ambao ndio unaolilisha kwa sehemu kubwa, hauwezi kuishi bila naitrojeni na fosforasi, ambazo huzipata kwenye naitreti na fosfeti. Itoe dawa hiyo, simamisha dozi mpaka alkali ishuke yenyewe, na uwalishe samaki mara mbili kwa siku hadi naitreti ikaribie miligramu 5 kwa lita na fosfeti 0.05. Mwani wa kioo usikutie hofu. Huo hufutwa kwa sumaku ya kusafishia kioo.

Binti Pwani
Naafiki, ila kabla ya yote chukua tochi usiku uchunguze shina la yufilia. Nyama ikiwa imepauka lakini bado imefunika kiunzi, tumbawe li hai. Ukiona ute wa kahawia, uvute ute huo kwa mpira na ulitenge tumbawe usiku uleule, maana ugonjwa huo huua kwa siku chache na huambukiza mengine. Pia, refraktometa yako, kile kipimo cha chumvi, uliirekebisha kwa maji matamu au kwa kimiminika cha kurekebishia chenye chumvi gramu 35?

Mfugaji wa Muscat
Ahsanteni sana. Nyama ipo, nyembamba kama ngozi ya kitunguu, na ute sikuuona. Refraktometa niliirekebisha kwa maji matamu. Leo nimeipima kwa kimiminika cha gramu 35, ikasoma 38. Kumbe matumbawe yangu yamekuwa katika gramu 32!

Binti Pwani
Basi usiipandishe kwa siku moja. Kila maji yanapopungua kwa mvuke, jaziliza kwa maji ya chumvi badala ya maji matamu, na ongezeko lisizidi gramu 1 kwa siku. Ukishafika 35, urudi kwenye maji matamu.