Nataka kusoma historia ya sanaa, naanzia wapi?

Wakuu habari, nimemaliza form six HKL (Historia, Kiswahili, Kiingereza), niko Mbagala. Napenda sana habari za michoro na vinyago, sio kuchora, kuchora siwezi kabisa, nataka kujua nani alichora, lini na kwanini. Mzee anasema ntakufa njaa. Nisome wapi?

Kijana wa Mwenge:
Mzee ana hoja kidogo ila usikate tamaa. Hapo Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar, angalia akiolojia au sanaa, ingia kitabu cha TCU, tume ya vyuo vikuu, usome vigezo mwenyewe usiambiwe na mtu wa stationary. Halafu kuna Makerere ya Uganda, shule yao ya sanaa ilianzishwa na Margaret Trowell 1937, mchoraji wetu Sam Ntiro alipita pale kabla ya kwenda shule ya sanaa ya Slade, London.

Dada Upanga:
Mdogo wangu kabla ya kuaplai nenda Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, kaa na kitu kimoja nusu saa uandike unachokiona, mstari, rangi, mbao. Hiyo ndo kazi yenyewe. Mi nilijaza barua ya maombi maneno matupu "napenda sanaa tangu utotoni" wakanitosa. Wewe andika mfano jinsi mchoraji Edward Saidi Tingatinga alivyotumia rangi ya enameli kwenye hardboard miaka ya 60 mwishoni, watakusikiliza.

Muuliza swali:
Asante dada, Jumamosi naenda. Kiingilio wanafunzi wanapunguziwa?

Kijana wa Mwenge:
Beba kitambulisho tu mdogo wangu, utauliza getini.