UZI: Mlango wa Zanzibar wenye NAMBA YA SIMU ya mchapaji. Hawa jamaa wanatuona mazuzu

Kizingiti (mleta uzi)

Wakuu, salamu baadaye. Nina hasira.

Simtaji mtu. Bustani yenyewe mnaijua: ya mabembea, geti la tembo, foleni ya tiketi inafika kwa wauza madafu. Wamezindua "Mtaa wa Mji Mkongwe". Matangazo mwezi mzima, tarumbeta, mpaka punda wamekodi. Na ukiingia, kitu cha kwanza kukutana nacho ni kibanda cha chipsi chenye mlango wa Zanzibar wa fleksi.

FLEKSI. Turubai la matangazo, lile lile la "Karibuni kwenye changizo la ujenzi". Wamepiga picha mlango wa watu, wakauchapa, wakauvuta kwenye fremu ya mbao za mbili kwa mbili, wakaufunga kwa kamba ya manila kupitia vile vitundu vya chuma vya pembeni. Na chini kabisa, mahali pa kizingiti, pameandikwa namba ya simu ya mchapaji.

Narudia. Mlango wa Zanzibar. Una namba ya simu.

Upepo ukivuma mlango unatuna kama tumbo la aliyefuturu nyumba mbili. Mfaa, ule ubao wa katikati wenye nakshi, unapinda kama mkia wa mjusi. Ukitulia unaona nyuma yake karai la mafuta, ndoo ya viazi na ndala za mkaangaji. Picha imevutwa mpaka mnyororo wa kwenye miimo umekuwa vitone, misumari ya shaba imekuwa maandazi, na kivuli cha mpiga picha kinaonekana vizuri kabisa, kanyanyua simu. Lakini namba! Namba haina kitone hata kimoja. Namba inasomeka kutoka kwenye maegesho.

Walipoulizwa jioni hii kwenye ukurasa wao, mtu wa masoko kajibu maneno matatu: "Mlango ni mlango."

Mlango ni mlango! Kuna wazee wanautazama mlango toka ng'ambo ya njia, wanakwambia huu wa kichwa kilichonyooka ni wa mtindo wa zamani, ule wa upinde wa nusu duara ni wa Kihindi. Mji wenyewe uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2000. Halafu mtu anayelipwa mshahara anasema mlango ni mlango. Wenye namba ya simu!

Sina hoja nyingine. Nimemaliza.

Kabwela_01

Nimecheka mpaka majirani wamegonga ukuta. Ulipiga lakini?

Mzee wa Makuti

Mleta uzi unalilia mlango, juu hujatazama. Wamepaua makuti moja kwa moja juu ya karai la chipsi. Mafuta ya chipsi yanakaanga kwenye nyuzi 170 hadi 180. Mvuke wake unapanda, unaganda kwenye makuti, baada ya miezi michache paa zima limekuwa utambi unaosubiri cheche. Ukitaka sura ya makuti juu ya jiko, paa halisi liwe bati, acha nafasi, makuti yakae juu kama kofia, na dohani itokeze juu ya kipaa kabisa, imevikwa bomba pana zaidi pale inapopita kwenye makuti ili joto lisiyaguse. Na blanketi la moto liwe karibu na mlango, lisiwe nyuma ya karai. Hakuna atakayelirukia.

Ya pili ndiyo inatisha zaidi. Mtungi wa gesi wa kilo 38 wameuficha ndani ya "kisima cha kale" cha MDF, zile mbao za unga wa mbao uliogandamizwa kwa gundi. Chini kimezibwa, juu wameacha kidirisha. Kinyume kabisa! Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatuama chini kama maji, haipandi ikachungulia dirishani. Matundu yawe usawa wa sakafu, yatazame nje, mbali na mtaro na mbali na moto. Hilo si pambo tena, ni fataki.

Na MDF nje? Mvua moja tu, inavimba kama mkate kwenye chai.

Kizingiti

Mzee asante, lakini kisima hakina namba ya simu.

Fundi_Mwimo

Kwa anayetaka kujua, mlango wa pambo hauhitaji msaji wala mninga. Playiwudi ya majini ya milimita 18, mashine ya CNC, ile inayochonga kwa kompyuta, siku moja umemaliza kuchonga. Wanapokosea wengi ni kina. Wanachonga milimita mbili ili kuokoa muda, kisha ukitazama kwa mbali hakuna kitu kinachoonekana. Nakshi ni kivuli. Shuka milimita 8 hadi 10 ndiyo waridi na samaki na mnyororo vitasimama. Mfaa uchonge peke yake, ubandike juu ya ubao wa mlango mmoja, utokeze mbele. Ukiuchora usawa mmoja na mbao za mlango, mlango unakuwa kabati la vyombo.

Usipake vanishi ya kung'aa. Anza na kahawia iliyoiva, iache ikauke, kisha brashi karibu kavu na rangi nyepesi zaidi, iguse migongo ya nakshi tu. Misumari mikubwa unaweza kumimina ya resini, uipake shaba, ila uifunge na bolti kwa nyuma. Watoto watajaribu kuing'oa siku ya kwanza, na wataweza.

Ukuta ndio rahisi. Plasta ya mchanga tatu kwa saruji moja, ikiwa mbichi gandamiza mfuko wa plastiki uliokunjwakunjwa, unapata vijishimo kama vya mawe ya matumbawe. Kisha rangi ya maji uiyeyushe mpaka iwe kama chai ya rangi, paka, futa na tambara hapo hapo. Iliyobaki kwenye vijishimo ndiyo miaka yako mia mbili.

Lakini dari lao, Mungu anisamehe. Boriti za mikoko huishia kama mita mbili na nusu hadi tatu, ndiyo maana vyumba vya nyumba za zamani ni vyembamba na virefu. Hawa wamevusha "boriti" za mita sita bila nguzo. Ni bomba za PVC. Ncha moja bado ina kifuniko cha kijivu.

Kabwela_01

Fundi, hili ni bandiko au ni zabuni?

Jini la Shangani

Nyie hamjaona pengwini. Pipa la taka la pengwini, mdomo wazi, katikati ya Mji Mkongwe. Na limeandikwa ASANTE.

Disney kila mtaa wa bustani yao una mapipa yaliyopakwa rangi na maandishi ya mtaa huo. Ni rangi tu, wala si utaalamu wa roketi. Milango ya stoo na nyaya wanazipaka kijani kilichopauka, macho yanateleza hayaoni. Sisi pengwini.

Msela wa Likoni

Hao Wamarekani wawacheni tu. Kule Florida, bustani ya Disney iitwayo Animal Kingdom ilipofunguliwa 1998 waliweka kijiji kizima cha kubuni kiitwacho Harambe, wakaiga sura ya Lamu. Plasta imebabuliwa makusudi, matangazo ya ukutani yamefifishwa yaonekane yamechomwa na jua, hata muhuri wa Uhuru 1961 upo. E moja ya harambee iliwapotea baharini, haya, twawasamehe. Kibanda cha vitamutamu kinaitwa Tamu Tamu, baa yaitwa Dawa. Soko lao la 2015 lilifunguliwa na kibanda cha vinywaji kiitwacho Wanjohi. Mwulize Mkikuyu yeyote njohi ni kitu gani: pombe! Kuna mtu pale alifanya kazi yake ya nyumbani, tena alifurahi sana akiifanya.

Wanatumia nguvu kuchakaza kitu kipya. Sisi twachukua kilichochakaa twakipiga picha na kuchapa kwa plastiki ing'ae.

Kizingiti

NA NAMBA YA SIMU HAWAKUWEKA.

Sina Jina

Mleta uzi una hisa kwenye milango? Watu wanaenda kula chipsi. Mlango ni mlango.

Kizingiti

Huyu hapa mtu wa masoko! Mmemwona? Kajileta mwenyewe.

Dohani

Mimi shida yangu friji. Friji nyekundu ya soda, mlango wa kioo, taa nyeupe inawaka kama chumba cha upasuaji, imeegeshwa ndani ya baraza. Galaxy's Edge, mtaa wa filamu za Star Wars ndani ya Disneyland ya California, ulipofunguliwa 2019, soda ile ile waliitengenezea chupa za duara zenye maandishi ya sayari yao, mpaka wakaguzi wa viwanja vya ndege wa Marekani wakaanza kuzikataa kwa kufanana na bomu la mkono. Hatujaomba bomu. Tumeomba friji ifunikwe.

Nao wameifunika, ndiyo kichekesho. Ile ya kibanda cha pili wameizungushia mbao nyuma, juu na ubavuni, hata wembe haupiti. Friji inapumua nyuma. Ukiibana inanguruma bila kupumzika, soda inakuwa vuguvugu, na mtu anatia barafu ya mtaani kuokoa jahazi. Acha upana wa kiganja nyuma, na juu weka vibao vya mshazari kama vya dirisha, hewa ya moto itoke.

MtotoWaPangani

Sauti je? Mji Mkongwe wanapiga taarabu, hatua kumi mbele "Msitu wa Kongo" wanapiga madundo. Ukisimama pale kwenye bisi unasikia kinanda kinapigwa na sokwe. Wametundika spika moja kubwa kila upande, zinatazamana kama mafahali. Dawa ni spika ndogo nyingi, zitazame chini, sauti ndogo, na katikati ya mtaa na mtaa paachwe mapito yenye miti au maji yanayoporomoka yameze sauti.

Halafu mhudumu wa msitu anakatiza Mji Mkongwe na ngozi yake ya chui ya kitambaa, kabeba ndoo ya aisikrimu. Magic Kingdom, bustani nyingine ya Disney kule Florida, 1971, ina njia za chini zilizofunikwa, wahudumu na mizigo vinapita huko, huwezi kumwona kauboi kwenye mtaa wa siku zijazo. Kwetu si lazima handaki, njia ya nyuma ya uzio inatosha. Njia yenyewe ipo! Wameigeuza maegesho ya meneja.

Binti Vuga

Mlango jadilini mpaka asubuhi, mimi nataka nijibiwe kuhusu urojo. "Urojo wa Kisultani", 6,000, kwenye glasi ya juisi, WA BARIDI. Una mrija!

Unga wanamwaga mkavu kwenye maji yanayochemka, ndiyo maana una madonge. Unga unakorogwa kwanza na maji ya baridi na manjano mpaka ulainike, ndipo unaumimina kidogo kidogo kwenye maji ya moto yenye embe bichi, mwiko hautulii, moto mdogo, mpaka harufu ya unga mbichi iishe. Ukali utoke kwenye embe na ndimu. Hawa wametia siki. Chipsi nyembamba za muhogo zinawekwa mwisho kabisa, wao wanatia mwanzo, ukifika kwenye meza umekunywa uji.

Mwana Chumbageni

Tanga tunatia ukwaju na hatujafa.

Binti Vuga

Ndiyo maana hauitwi urojo wa Tanga.

Msela wa Likoni

Mombasa viazi vya karai vyatosha, hayo mengine ni nyinyi kuosha sufuria.

Binti Vuga

Wasimamizi mpo? Kuna mtu anatukana humu.

Kizingiti

Jamani turudi kwenye mlango. Namba ya simu, tarakimu kumi, kwenye kizingiti.

Sina Jina

Siki kidogo haina tatizo.

Mwana Chumbageni

Huyu kweli ni mtu wa masoko.

Jasho la Mnyonge

Hamjui shida nyie. Kadi! Pesa taslimu hawapokei, unapakia kwenye kadi, na mashine inakubali mafungu ya 5,000 tu. Chipsi 4,500. Maji 1,200. Hesabu mwenyewe, ukinunua moja moja huifikishi sifuri. Salio halirudishwi, na kadi inakufa baada ya siku 30. Maandishi ya siku 30 yako nyuma ya kadi, madogo kuliko mguu wa sisimizi.

Mzee wa Makuti

Hapo umegusa donda.

Dohani

300 zangu ziko humo.

MtotoWaPangani

Ukinunua soda mbili na bisi ya kati unafika 5,000 kamili. Watu wameshapiga hesabu.

Jasho la Mnyonge

Bisi ya kati wameiondoa tangu Jumatatu. Unadhani kwa nini?

Fundi_Mwimo

Uongo! Wameiondoa kweli?

Binti Vuga

Uzi wa kadi ufunguliwe peke yake. Na wa urojo.

Kizingiti

Mnaona? Ndiyo maana tunachapiwa milango. Hamna msimamo.

Kabwela_01

Samahani wakuu, mwenye picha ya ule mlango aikuze pale chini. Kuna sendofu Jumamosi, bango bado.

Kizingiti

Kabwela, usithubutu.

Kabwela_01

Nimeshapata, nimewapigia. Vijana wana adabu sana. Ukichapa mita nne wanakuongezea mlango bure.