Uwanja wa AFCON Arusha: watalii watakuja lini, na baada yake utachezwa mpira gani?

Wadau, naandika nikiwa Arusha, mji unaonilisha kwa kazi ya kuongoza watalii. Kata ya Olmoti kunajengwa uwanja wa watu 30,000 kwa ajili ya AFCON 2027, mashindano ya mataifa ya Afrika tuliyopewa pamoja na Kenya na Uganda. Kila uwanja huo unapotajwa, tunaambiwa mambo mawili: utainua mpira, na utaleta watalii. La mpira sina ugomvi nalo. La utalii ndilo naomba tulijadili.

Shida yangu ni kalenda. Mashindano yamepangwa katikati ya mwaka. Anayeishi kwa utalii wa kaskazini anaijua miezi hiyo: nyumbu wanapanda kuelekea Mto Mara, shule za Ulaya na Marekani zinafunga, magari ya safari yameshawekewa oda na loji zimejaa. Mgeni wa AFCON akilala hapo, analala kwenye kitanda ambacho kingepata mtu hata bila mpira. Njaa yetu iko Aprili na Mei, masika yanapochanganya, baadhi ya kambi zinafungwa na madereva wanarudi kwao kulima.

Sasa tazameni majirani zetu wa Moshi. Kilimanjaro Marathon inakimbiwa tangu 2003, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, wageni wanapoanza kupungua. Inamalizikia Uwanja wa Ushirika, uwanja wa kawaida kabisa. Wikiendi hiyo kupata chumba Moshi ni shughuli! Kilichowaleta watu pale ni mlima, barabara na tarehe isiyoyumba.

Naomba wahusika watuonyeshe, kabla utepe haujakatwa, ratiba ya uwanja huu kwa mwaka 2028. Nani ataucheza? JKT Oljoro, timu yetu ya hapa Arusha, ilishuka Ligi Kuu mwaka 2014, na tangu hapo tumezoea kuwapangisha wengine uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Mnasemaje?

Mchangiaji wa Sakina:
Kaka, nakuheshimu, ila unamwona mtalii wa loji peke yake. Mimi nauza chakula. Julai 2022 fainali ya Kombe la Shirikisho ilichezwa hapa hapa Sheikh Amri Abeid, Yanga na Coastal Union, 3-3 mpaka penalti. Watu walitoka Dar, Tanga, Singida, wengine kwa basi la usiku. Hao hawaendi Serengeti. Wanalala gesti ya Kaloleni, wanakula kwangu, wanapanda bodaboda. Huo msimu wako wa wageni hauwagusi, maana gesti zetu hazijazwi na Wazungu hata hiyo Julai. Kwa nini wao usiwahesabu kuwa ni watalii? Na mtoto wangu anacheza mpira kwenye vumbi. Na yeye anahitaji uwanja.

Mchangiaji wa Temeke:
Mimi naogopa matunzo kuliko kalenda. Uwanja wa Mkapa ulifunguliwa 2007, watu 60,000, fahari yetu. Mei 2025 Simba wamefika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na RS Berkane ya Morocco, mechi ya marudiano ikahamishiwa Amaan, Zanzibar, kwa sababu ya hali ya eneo la kuchezea. Nyasi tu! Amaan haichukui hata nusu ya watu wa Mkapa. Hesabuni tiketi, maji, jezi na nauli ambazo Temeke haikuziona siku hiyo. Kama tumeshindwa kutunza mmoja ulio Dar, wenye Simba na Yanga ndani, huo wa Olmoti utatunzwa na mapato gani?

Mwanzisha mada:
Dada wa Sakina, hapo umenishika, na narudi nyuma. Nilihesabu vitanda vya loji nikasahau vya Kaloleni. Lakini ona, mfano wako unaniunga mkono upande mmoja: wale watu wa 2022 walifuata mechi, na mechi hiyo ilichezwa kwenye uwanja wa zamani. Fainali hiyo ilikuwa imepita Kigoma mwaka 2021, ikaenda Tanga 2023. Ni uamuzi wa ratiba tu, na unajaza gesti za mkoa mzima.

Kwa hiyo naibadilisha hoja yangu. Uwanja umeshaanza, sitaki usimame. Nataka mambo mawili yaandikwe sasa. Kwanza, kila mwaka Arusha ipewe mechi kadhaa kubwa za taifa zenye tarehe zinazojulikana miezi sita kabla, ili mwenye gesti na mwenye basi wajipange. Kwa masika sina uhakika kama nyasi zitahimili mvua ya Aprili. Anayejua mambo ya mifereji ya uwanja atusaidie. Pili, fungu la matunzo litengwe kwenye tiketi tangu mechi ya kwanza, lisiguswe kwa sherehe, na hesabu zake zibandikwe getini.

Kaka wa Temeke, wewe uko karibu na Mkapa: siku zisizo na mechi, ule uwanja unaingiza chochote?