Mdogo wangu ni mwembamba lakini lehemu iko juu sana: ni mawese au ni damu ya ukoo?

MamaShukuru, Ujiji

Habari za leo ndugu zangu. Nauza dagaa na mawese hapa Ujiji. Baba yetu alifariki 1998 akiwa na miaka 47, alianguka wakivuta mtumbwi Kibirizi, hakusema neno. Kaka yake alimtangulia akiwa na 44, naye alilalamika kifua siku moja tu. Watu wakasema mengi, ukoo ukagawanyika kwa ajili ya maneno hayo.

Sasa mdogo wangu ni fundi wa injini za boti, miaka 39, mwembamba kama ufito, pombe hanywi. Alipima mafuta ya damu, LDL (ile lehemu mbaya) ikasoma 6.8. Akaambiwa aache mawese. Ameacha miezi minne, kwake wanapikia alizeti, amepima tena imekuja 6.4. Mimi ni mnene, mawese nakula kila siku, na LDL yangu ni 2.7. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa.

Mtoto wa shangazi yetu yuko Canada. Alitema mate kwenye kichupa akakipeleka kupimwa vinasaba, akajibiwa kwamba hatari yake ya mafuta ni ndogo. Anatuambia tutulie, ukoo uko salama. Je, majibu yake yanamhusu mdogo wangu?

Baruani_Mwanga

Pole dada. Mimi nilivyosikia tangu zamani kolesteroli, yaani hiyo lehemu, ni ugonjwa wa Wazungu, sisi damu yetu ni nyepesi. Mpe kitunguu saumu na ndimu asubuhi, hiyo mashine huenda ilikosea.

MzeeWaHadubini, Tabora

Mwangaluka, mama Shukuru. Nimefanya kazi maabara miaka 31, nimestaafu, niko hapa Ipuli. Nimesoma ujumbe wako mara tatu na naomba usiuache ukapita.

Mashine haikosei mara mbili kwa namna hiyo. Lehemu nyingi hutengenezwa na mwili wenyewe, na ini ndilo linaloiondoa kwenye damu kwa kutumia vipokezi vinavyoikamata LDL. Mawese karibu nusu yake ni mafuta yanayoganda, kwa hiyo kuyapunguza ni vizuri, lakini umeona mwenyewe: miezi minne imeshusha 0.4 tu. Mtu mwembamba, LDL imepita 4.9, baba na baba mkubwa wamekufa kwa moyo kabla ya 50. Huko maabara tungeandika: achunguzwe lehemu ya kurithi. Jeni moja ikiharibika, mara nyingi ile ya kipokezi, ini linabaki na nusu ya mikono yake. Mzazi mwenye nayo humpa kila mtoto kwa nafasi ya nusu kwa nusu, kama kurusha shilingi. Wewe huenda ilikupita, yeye ikamwangukia.

Ndugu Baruani, hilo la "ugonjwa wa Wazungu" nimelisikia hata kwa watu wa tiba, na linaniuma kwa sababu limewachelewesha wagonjwa. Ni kweli jamii hazifanani. Lehemu hii ya kurithi duniani hukadiriwa kwa mtu 1 kati ya 250 hadi 300, lakini kwa wazungu wa Afrika Kusini wanaosema Kiafrikana ni karibu 1 kati ya 80, maana walitokana na walowezi wachache waliokuja na jeni hiyo wakaoana wao kwa wao. Sisi nasi tuna ya kwetu. Ipo chembe ya mafuta inaitwa Lp(a), inaziba mishipa, na kiwango chake karibu chote huamuliwa na jeni. Kwa watu wenye asili ya Afrika kiwango cha kati ni mara mbili hadi tatu ya Wazungu. Hiyo ndiyo damu nyepesi?

Na upande wa pili pia ni wetu. Mwaka 2005 watafiti Helen Hobbs na Jonathan Cohen, huko Dallas, Marekani, waligundua kwamba Wamarekani Weusi kama 2 katika kila 100 wana nakala iliyokatika ya jeni PCSK9. Jeni hiyo kazi yake ni kuvunja vile vipokezi. Ikikatika, vipokezi vinabaki vingi. Mwaka uliofuata wakaonyesha kwamba watu hao LDL yao iko chini kwa 28% na maradhi ya mishipa ya moyo kwao yamepungua kwa 88%. Kwa Wazungu nakala hizo ni adimu mno. Baadaye akapatikana mama kijana wa Zimbabwe, kliniki ya baada ya uzazi, amerithi nakala iliyokatika kwa wazazi wote wawili: LDL yake 0.4, na afya njema. Sindano za kuzuia PCSK9 zilizoruhusiwa Marekani 2015 zimetokana na njia hiyo. Kila nikilikumbuka hili nafurahi kama ni mtoto wangu amefaulu.

Basi mama yule ni Mwafrika mwenye 0.4, na mdogo wako ni Mwafrika mwenye 6.8. Wastani wa jamii hauwezi kukwambia kilichomo kwenye nyumba moja.

Kuhusu kichupa cha Canada. Vipimo vingi vya namna hiyo hujumlisha mabadiliko madogo madogo mengi ambayo yalihesabiwa zaidi kwa Wazungu. Kinachosomwa mara nyingi si kosa lenyewe bali alama iliyo jirani nalo. Sisi wa Tabora tunaelekezana kwa miembe: "nyumba iko mwembe wa pili". Ukimpa maelekezo hayo mtu aliye mtaa mwingine, mwembe ataukuta lakini nyumba hataiona. Uganda walipochunguza, alama nyingi za triglisaraidi (aina nyingine ya mafuta ya damu) zilizojulikana Ulaya hazikusema kitu kwa watu wa kule. Zaidi ya hapo, hata kama kipimo kingekuwa sahihi, huyo ni mtoto wa shangazi. Shilingi yake ilirushwa kivyake.

Mtazame mdogo wako: kano ya nyuma ya kisigino imenenepa au ina vinundu? Pembeni ya mboni kuna duara jeupe? Kisha aende kwa daktari, aombe kuzungumzia dawa za jamii ya statini. Atorvastatini kwa dozi kubwa hushusha LDL karibu nusu.

Katonga_Nyavu

Shikamoo mzee. Na samaki je? Sisi huku migebuka na dagaa ndiyo mboga ya kila siku.

MzeeWaHadubini, Tabora

Marahaba. Wasiache. Mwaka 1996 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Lugalawa, Ludewa: kijiji cha wala samaki kando ya Ziwa Nyasa kilikuwa na lehemu, triglisaraidi na hata Lp(a) ndogo kuliko wenzao wa milimani wanaokula mboga, na wote ni Wabantu. Lakini samaki hatengenezi kipokezi kilichoharibika.

MamaShukuru, Ujiji

Mzee wangu, asante, na samahani kwa kukaa kimya wiki tatu. Visigino vyote viwili vina vinundu. Tulidhani ni raba za kazini. Marehemu baba alikuwa navyo hivyo hivyo, mama amenikumbusha jana na akalia.

Ameanza atorvastatini. Ana watoto watatu, mkubwa 11. Nimpeleke yupi kwanza?

MzeeWaHadubini, Tabora

Wote watatu, siku moja. Kwa umri huo kupima damu kunatosha, dawa ataamua daktari wa watoto. Na yule wa Canada mwambie apime LDL yake ya kawaida, na shangazi pia.